R Isiyo Mahali Pake

Nilipokuwa kwetu Kishapu sikujua kwamba ulimi wangu una kasoro. Nyumbani tulisema Kisukuma, na Kisukuma hakina haja ya r. Kasoro hiyo niliionyeshwa Geita, kwenye kambi ya mgodi, nilipokwenda kumsaidia dada yangu aliyekuwa amejifungua. Pale bombani walikutana wanawake wa kila kabila. Siku ya kwanza, kwa uchangamfu wa mgeni, nikawaambia kwamba nampenda Roho Mtakatifu. Nilisema "Loho".

"Loho ndiyo nini, binti?" akauliza mama mmoja wa Tanga, muuza maandazi. "Mboga? Inaungwa kwa karanga?"

"Kwa kalanga," akadakia mwenzake, wakashikana mabega kwa kicheko.

Nilicheka nao. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa huko mpaka dada akaniita.

Wengine wangesahau. Mimi neno nililokosea hunirudia nikiosha vyombo, nikitembea, hata nikisali. Na tangu utoto nilitaka kuwa mwalimu wa dini, niwasomee Neno wanawake wasiojua kusoma, kama mama yangu. Kusoma kwenyewe nilijifunza kwa kumchungulia kaka yangu, kitabu kikiwa kimemwelekea yeye. Hadi leo naweza kusoma ukurasa uliogeuzwa juu chini. Misheni ilikuwa na chuo cha wanawake wa kufundisha dini, na aliyependekeza wasichana wa kupelekwa alikuwa mke wa mwinjilisti wa kanisa la pale kambini. Baba naye alikuwa ameshaanza kuwasikiliza watu waliokuja na habari za ng'ombe, wakitaka kunioa. Siku naondoka aliniambia, "Kama kanisa linakutaka, liseme lenyewe kabla ya pamba kuvunwa. Likinyamaza, urudi uolewe."

Kwa hiyo mke wa mwinjilisti aliponiambia nisome kwenye ibada ya akina mama, chakula kilinishinda. Nilijua ananipima. Nikaanza mazoezi. Nikifua nguo za mtoto nilisema rrr, nikisonga ugali nilisema rrr.

"Mdogo wangu, unanguruma kama lori la mgodi," dada akalalamika. "Mwache mtoto alale."

Fungu nililopewa ni pale Yesu anapowaambia wanafunzi wake kwamba anakwenda kuwaandalia mahali kwa Baba yake. Nililikariri lote. Nilimwomba Mungu anipe r, tena nilimwomba kwa Kisukuma, nisije nikaikosa hata mbele zake.

Siku ya ibada nilisimama mbele, nikafungua kitabu. Mama wa Tanga alikuwa benchi la pili. Nikaanza. Kila r ilipokuja niliipata, ngumu na safi, na kila niliyoipata ilinitia hamu ya nyingine. Nikafika penyewe, nikasoma kwa sauti ya ushindi kwamba Bwana anakwenda kuwaandalia mahari.



"Ng'ombe wangapi?" akauliza mama wa Tanga.

Nyumba nzima ikapasuka kwa kicheko. Nilitamani ardhi inimeze. R niliyoitafuta siku zote hizo nilikuwa nimeichomeka pasipo na r, na kati ya maneno yote ya Kiswahili nikaangukia lile lililokuwa likiningoja kwetu. Niliona pamba imeiva. Niliona ng'ombe wanaingia zizini kwa baba. Nikaanza kukifunga kitabu.

Benchi la mbele alikaa bibi mmoja asiyejua Kiswahili vizuri. Akamuuliza jirani yake kwa Kisukuma kinachochekesha ni nini.

"Anasema Yesu amekwenda kututafutia mahari."

Bibi hakucheka. "Basi atarudi," akasema. "Mtu hawezi kutoa ng'ombe halafu asije kumchukua mke wake. Mnacheka nini?"

Nikautazama ukurasa. Mstari uliofuata ulisema hivyohivyo: kwamba atakuja tena, awachukue wakae naye. Nilikuwa nimeupitia mara nyingi nikizilinda herufi zake tu, kama mtu anayehesabu mbegu asikumbuke kupanda. Nikausoma. Sijui nilisema r au l, maana nilisahau kujisikiliza.

"Si nimesema!" bibi akapiga paja lake.

Nikasoma hadi mwisho. Wachache waliendelea kucheka, na niliwasikia wote.

Baada ya ibada mke wa mwinjilisti alinisubiri mlangoni. Yeye pia ni Msukuma.

"Kule chuoni watakucheka," akasema.

"Najua, mama."

"Mimi walinicheka mpaka nikamaliza. Hata leo nikikasirika inatoka 'habali'." Akanitazama. "Utakwenda? Nimwambie mwinjilisti akazungumze na baba yako kabla ya pamba?"

Hofu haikuwa imeondoka. Ilikaa palepale kifuani, ikinikumbusha wanawake wa chuoni nisiowajua bado, na bomba lao, na vicheko vyao.

"Ndiyo, mama," nikasema, nikimshukuru Mungu kwamba maneno hayo hayana r.