Siku saba bila kosa

Ijumaa, tarehe kumi na nne, mwezi wa tatu. Asubuhi mvua ndogo na baridi. Saa tano jua likatoka, udongo wa mtaa wetu wa Kimemi ukaanza kukauka.

Sijui kama nitaeleza vizuri, masomo yangu yaliishia chini. Mdogo wangu wa kike anatengeneza programu ya simu, ichukue nafasi ya daftari kwenye agence yetu ya kusafirisha mizigo. Programu haiendi kwa madereva moja kwa moja. Kwanza inakaa kwenye ordinateur yake, yaani kompyuta, anabomoa na kujenga. Halafu inapanda kwa sisi wawili wa kujaribu: mimi hapa Butembo, na mwanaume wa dépôt, ghala letu la Beni. Siku saba zikipita bila kosa kuandikwa kwenye orodha wanayoiona wote, inakwenda kwa wote. Kosa likiandikwa, inarudi kwake, tunaanza siku ya kwanza.

Leo ilikuwa siku ya sita. Patron, mwenye agence, alishasema: isipotoka Jumatatu, tunarudi kwenye daftari, na mdogo wangu atafute kazi ingine. Kwangu ilitembea vizuri. Beni, kimya. Tulifurahi.

Mchana nikampigia yule wa Beni, kusalimia tu.

— Programu iko muzuri?

— Iko muzuri, lakini mizigo ya kwenda Kasindi inajiandika Lubero. Hapana shida, mi naandika ku karatasi.

— Tangu lini?

— Siku ya kwanza.

— Na ulinyamaza!

— Ee yaya, mukubwa wetu! Naoa mudogo wenu wa mwisho. Nitaandika ku mbele ya batu wote kama shemeki yangu, dada ya muchumba wangu, alikosea? Baba yenu atarudisha mbuzi zangu za mahari!

Nilicheka, kisha kicheko kikaisha. Nikinyamaza, viazi vilivyotoka Lubero kwenda Kasindi vitarudishwa Lubero. Nikiandika, mdogo wangu anapoteza kazi. Kumlaumu yule wa Beni si haki, alitupa heshima. Pengine mimi nilipaswa kumpigia tangu siku ya pili. Nikaandika kosa, kwa jina langu.

Mdogo wangu akaja mbio.

— Yaya, basi unaniua?

Lakini akasoma tena nilichoandika, akaenda mwenyewe kwa patron. Nilimfuata. Patron alisikiliza mpaka mwisho, hata habari ya mbuzi.

— Afazali ikosee kwenu kuliko ku barabara. Chukua siku saba zingine. Na kule Beni, nipe mutu mwenye hana mbuzi kwenu!

Jioni tulikula bugali, sombe ya majani ya muhogo na maharage. Mdogo wangu akasema, mbele ya wote, chumvi imezidi. Nilipika mimi. Ilikuwa imezidi kweli.