Safari ya Gia Mbili

Madereva wenzake walimwita baba yangu Gia Mbili, kwa sababu mlima wowote, mrefu au mfupi, aliushuka kwa gia ya pili, huku wenye haraka wakimpita na kumpigia honi za matusi. "Wapite tu," alikuwa akisema. "Tutawakuta chini, wengine miguu juu." Karibu maisha yake yote aliendesha lori la kontena kuvuka mpaka: anaingia nchi ya watu, anapanda milima yao, anashusha mzigo, anageuza. Nyumbani tulimpokea kama mgeni. Tunamchinjia kuku, tunamwogopa kidogo, na kabla hatujamzoea keshaondoka.

Alipostaafu ndipo balaa lilipoanza. Mama alikuwa amezoea nyumba yake, na sasa kuna mwanamume ndani anauliza chumvi inakaa wapi. Alfajiri anazunguka uani akigonga matangi ya maji kwa chuma, kama anakagua matairi. Siku moja Mama akanipigia simu.

"Mwanangu, huyu baba yenu simjui. Nimeolewa naye, nimezaa naye, lakini simjui. Nitengenezee chumba, nahamia kwako."

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nikamwambia, "Mama, uzee huu ndio unataka kumwacha mume?"

"Yeye ameniacha miaka yote hiyo. Umewahi kumuuliza?"

Kaka yangu ndiye aliyekuja na wazo: tukodi gari la viti saba, tuwapeleke kule ng'ambo ya mpaka, njia ileile ambayo Baba aliisifia mpaka tukadhani anatia chumvi. Mama alikubali kwa shingo upande. "Nitakwenda," akasema. "Nikirudi nitawaambia nakaa wapi."

Jamani, nchi ile ni nzuri. Mpaka leo nikifumba macho naiona: vilima vya chai vimepangana hadi mbinguni, ukungu umelala mabondeni, maji meupe yanateremka kwenye miamba. Tatizo lilikuwa dereva. Kaka aliomba kushika usukani, Baba akamtazama tu.

"Baba, simama tupige picha," nikasema tulipofika kwenye maporomoko.

"Hapa hapasimamwi. Kona mbaya."

Maporomoko yakapita. Ziwa likapita. Kumbe Baba anajua kusimama pale tu malori yanapopoza breki, penye vumbi na harufu ya mipira kuungua. Mama alikuwa kiti cha nyuma kabisa, alikojichagulia mwenyewe ili awe mbali na mumewe. "Nimeletwa kuangalia makalio ya malori," akasema, akajifunika blanketi gubigubi. Moyoni nikajua chumba lazima nikitengeneze.

Juu kabisa ya mlima tukasimama tena. Tukanyoosha miguu, tukanywa chai ya chupa, Baba akazunguka gari akigonga matairi, akarudi kwenye usukani. Nami nikaingia kiti cha kati, blanketi la Mama nyuma yangu limetuna vilevile. Kaka akabaki nyuma akirudisha chupa kwenye buti, na mlango wa buti ukakataa kushika, akaubamiza mara mbili: pa, pa.

Sasa, kwenye malori, utingo akigonga bodi mara mbili maana yake ni moja: mzigo umefungwa, wote wamepanda, ondoa gari. Baba aliisikia sauti hiyo maisha yake yote. Mguu wake haukumuuliza mtu. Gari likaondoka, na Kaka ikabidi akimbie na kurukia ndani kama utingo kweli, kitambi kikimtangulia. Tulicheka mpaka machozi, hata Baba, ambaye kicheko chake tulikuwa hatukijui.

Nadhani kicheko hicho ndicho kilichomfungua mdomo. "Mama watoto," akasema, macho yake yakiwa barabarani, "unaliona lile daraja? Mwaka mmoja mvua ililibomoa, nikalala hapa wiki nzima. Ukungu huu huu. Wenzangu walikuwa wanacheza karata. Mimi nilikuwa nakaa juu ya tela nawaza, mke wangu angeona pahali hapa angesemaje." Akarudisha gia ya pili. "Kila kilima hapa nilikuwa nakuonyesha. Peke yangu, kama kichaa."

Blanketi halikutikisika. Nikaona Mama sasa amezidi, mwanamume anafungua moyo na yeye amenuna. Nikageuka nimfinye chini ya blanketi. Mkono ukazama kwenye mto.

"Baba," nikasema, "Mama hayumo."

Gari aliligeuza mahali ambapo hata baiskeli isingegeuka. Akarudi kwa mwendo ambao Gia Mbili hakuwahi kuutumia, na mimi nalia waziwazi.

Tulimkuta amekaa kwenye ukuta wa mawe, amevua viatu, anatazama bonde. Baba akashuka, akavua kofia.

"Nisamehe," akasema. "Nilisikia imegongwa mara mbili, nikaondoka. Ndivyo nilivyozoea. Nikiwasha gari, wewe huwa umeshabaki."

"Najua," akasema Mama. Akavaa viatu taratibu. "Lakini leo ndiyo mara ya kwanza umerudi siku hiyohiyo."

Kisha akamwondoa Kaka kwenye kiti cha mbele, akakaa yeye. Nikamnong'oneza kwamba Baba alikuwa amemsimulia mambo mazito. "Asiyekuwepo na lake halipo," akajibu, akamgeukia mumewe. "Haya, anza upya." Baba akaanza upya, na safari hii alisimama kila alipoambiwa.

Mama hakuhamia kwangu. Waliishi pamoja miaka mingi, wakigombana kuhusu chumvi, mpaka Baba alipotutoka mwaka juzi. Kaburi lake liko nyuma ya nyumba. Sasa mimi ndiye ninayembembeleza Mama aje kukaa nami, nimeomba, nimegomba, hataki. Ananijibu kwamba kuacha watu ilikuwa kazi ya baba yangu, yeye hakuisomea.