Risasi mbili, pongo wawili na baba mkwe mmoja: yaliyonipata Timau

Wakuu, habari za shughuli.

Nimeona vijana wakibishana humu ni risasi gani inafaa kwa swala, na wengi bunduki wameiona kwa simu tu. Acha niseme yaliyonipata mwenyewe. Siongezi chumvi, iliyopo inatosha.

Hii ni zamani, kabla serikali haijafunga uwindaji. Nilikuwa askari wa shamba la ngano kule Timau, kwenye baridi ya Mlima Kenya. Pongo, wale swala wa msituni wenye madoa meupe, walikuwa wanatumalizia ngano, na msimamizi alikuwa na kibali cha kuwapunguza.

Bunduki ni moja, risasi aina mbili: nyepesi yenye speed kali, na nzito inayoenda polepole.

Mchunaji wetu, Mutwiri, alinionya mapema. Alisema ile nyepesi ukiipiga karibu inapasukia ndani na kuharibu nyama. Hiyo ni ya mbali, ikishapunguza kasi. Ya karibu ni nzito.

Mimi nikaona mtu wa kisu anafundisha mtu wa bunduki. Ujana ni ugonjwa, wakuu.

Sasa, nilikuwa nimemwoa Kanana, binti wa kutoka Nkubu, lakini babake alikataa aje kwenye ile baridi mpaka yeye mwenyewe aone ninavyoishi. Nilikuwa nimekaa miezi minne peke yangu, nimem-miss mpaka naongea na sufuria.

Mzee akatuma habari kwamba anakuja Jumamosi.

Na kwetu mnyama hagawanywi ovyo. Bega ni la mzee, na anapewa likiwa zima.

Jumamosi asubuhi nikampata pongo, hatua kama thelathini. Nikaweka ile ya speed. Akaanguka papo hapo.

Mutwiri alipomchuna aliniita nije nione. Mabega yote mawili yalikuwa uji wa damu, manyoya na vipande vya mifupa.

Nikaficha ule uji kwenye karai jikoni, nikakimbia kutafuta mwingine. Huyu alikuwa mbali, ng'ambo ya bonde, yadi mia tatu hivi. Safari hii nikajifanya nimejifunza, nikaweka nzito.

Ilifika imechoka. Haikutanuka ndani ya mwili, ikapita kama sindano. Pongo akashtuka, akakimbia kuelekea kambi ya wafanyakazi, na hata tone la damu hakuna. Nilifuata nyayo masaa mawili nikilia, na sioni aibu kusema.

Nyayo zikaishia mlangoni kwangu.

Pongo amelala, amekufa. Kando yake baba mkwe amekalia kiti changu, kofia magotini. Alikuwa amefika mapema, na mnyama akaja kuanguka mbele yake.

Nikamwamkia. Akanionyesha pongo kwa kofia yake.

"Mimi niliambiwa wewe ni mwindaji," akasema. "Sikuambiwa wanyama inajileta."

Mutwiri akachuna. Bega likatoka safi, nikampa mzee kwa mikono miwili, nikadhani nimepona. Kumbe alitaka maji, akaingia jikoni mwenyewe, akakuta karai.

Alitaka aelezwe. Nikaeleza yote, karibu na mbali, nyepesi na nzito. Akamuuliza Mutwiri kama alinionya. Mutwiri, bila huruma, akasema ndiyo. Hapo nilijua Kanana nimemkosa.

Mzee akala bega lake pole pole, akanawa mikono, kisha akatoa hukumu.

"Kanana atakuja wiki hii. Mtu anakosea mara mbili asubuhi moja, na alikuwa ameambiwa, hiyo si mtu ya kuachwa peke yake."

Funzo: karibu tumia nzito ya pole, mbali nyepesi ya kasi, na umsikilize anayechuna, maana ndiye anayeona ndani. Siku hizi kuwinda ni jela, kwa hivyo haya ni maarifa tu. Wazee mliowahi kushika bunduki, nisahihisheni hapo chini, na vijana mcheke kwa adabu.

Kanana amesoma hii kabla sijaituma. Anasema babake pia alikosea siku hiyo, na kosa lenyewe analipikia chai hadi leo.