Neno Moja Kwenye Rejista

Mwanangu, ipo siku moja siisahau. Hata kutembea bado hujaanza, lakini nakuandikia sasa, maana hasira ikishapoa mtu huanza kujitetea.

Nilikuwa karani wa zahanati huku Mufindi, kando ya barabara ya Zambia. Nimemaliza kidato cha nne, najiona najua kila kitu. Wakamleta Luka, dereva wa lori, amefungwa kamba, anapiga kelele kwamba kuna watu ndani ya tairi wanamsema. Nikaandika kwenye rejista: kichaa. Basi. Nikaita anayefuata.

Luka alilala siku mbili. Akaamka mzima, akaomba ugali, akauliza lori lake liko wapi.

Lakini alikuwa ameshatoa posa, jembe kama ilivyo desturi yetu, na huku kwetu binti hatolewi mpaka ukoo wa mume uchunguzwe: wana kifafa? Wana kichaa? Mjomba wa binti akaja kuuliza zahanati, nami, mjinga, nikamfunulia ukurasa. Jembe la posa likarudishwa kwa akina Luka siku hiyo hiyo.

Muuguzi wetu, Mama Twilumba, alinikuta nakunywa chai.

"Wewe msomi, ulimuuliza amemeza nini?"

"Hapana, mama."

"Alilala lini?"

"Sikuuliza."

"Kumbe siku hizi shule wanafundisha kuandika tu."

Akaniketisha mbele ya Luka. Siku nne hakulala, Dar mpaka Tunduma na kurudi, anameza vidonge vya kufukuza usingizi. Kapewa na nani? Na tajiri wake, mwenye lori. Na tajiri huyo huyo sasa anasema hataki kichaa kwenye lori lake. Hasira hiyo mpaka leo haijanitoka.

Nikaandika yote: vidonge, siku alizokesha, kwamba kabla ya hapo hakuwahi kuugua hivyo, kwamba alipolala na kuviacha akili ilirudi. Nikaenda kumsomea baba wa binti. Mzee akasikiliza mpaka mwisho.

"Na lile neno la kwanza aliliandika nani?"

"Mimi, baba."

"Sasa nikuamini lipi?"

Jembe halikupokelewa tena. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujaandika habari za mtu, uliza: amemeza nini, amelala lini, juzi alikuwaje. Andika ulichokiona, siyo ulichodhani. Mngoje alale, umtazame tena. Ukurasa wake usimfunulie kila anayebisha hodi. Na aliyempa vidonge ili mzigo ufike mapema, naye mwandike.

Mungu akujalie uwe mwepesi wa kuuliza, mzito wa kuandika, na asije mtu akarudishiwa jembe kwa mkono wako.