Zeddy Jepleting na Barua Yangu ya Plastiki

Zeddy Jepleting Kiprugut. Hilo ndilo jina lake lote, na nataka liandikwe lote. Ni binti wa Kiprugut aliyeendesha trekta la mzungu hapa Njoro miaka kumi na minane bila kuliingiza mtaroni hata siku moja, na mzungu alipokwenda kwao akaendelea kulima ngano ile ile kana kwamba hakuna aliyeondoka. Ni binti wa Chelagat, aliyekaa siku mbili kwenye benchi la ofisi ya mashamba akisuka kikapu, akisema hatatoka mpaka ekari zake zitiwe jina lake mwenyewe. Siku ya tatu karani akaandika. Kikapu alimwachia. Na Jepleting mwenyewe alikuwa mkalimani wa korti ya Nakuru kwa miaka thelathini na mmoja, Kikalenjin chao, Kikuyu chetu, Kiswahili na Kiingereza.

Kikuyu alikipata kwetu. Tulikuwa tukichuma pareto pamoja tukiwa wasichana, yeye mstari ule, mimi mstari huu, na kabla ya msimu kwisha alikuwa akinitukana kwa lugha ya mama yangu vizuri kuliko dada zangu. Mimi niliishia darasa la saba. Yeye aliendelea, na sikumwonea wivu, au nilimwonea kidogo tu.

Kazi ya mkalimani wengi hawaijui. Mshtakiwa akisema "niliiba," mkalimani hasemi "huyu anasema aliiba." Anasema "niliiba," kama aliyeiba ni yeye. Wiki ya kwanza Jepleting alipoajiriwa, mama yake Chelagat alivaa kitambaa kipya cha kichwa akaenda kortini kumwona binti yake akifanya kazi ya serikali. Kukaletwa Mkikuyu mmoja mwenye kesi ya mifugo. Yule mtu akasema maneno yake, na Chelagat, ambaye Kikuyu hakijui, akamsikia binti yake akitangaza kwa Kiswahili mbele ya watu wote: "Ni kweli mheshimiwa, niliiba ng'ombe wawili wa jirani."

Chelagat akasimama. "Jepleting! Lini?"

Wanasema hakimu alivua miwani akajifuta macho, na kesi ikaahirishwa mpaka baada ya chai.

Basi Jepleting alipostaafu, watu hawakumwacha apumzike. Ukiwa na neno la ndoa au la watoto, unaambiwa nenda kwa Mama Kipkemei, Kipkemei ni kifungua mimba wake. Mtu anafika na maswali yake. Mume akihama miaka mitatu nimeachika? Mahari isiporudishwa naweza kuolewa tena? Yeye hujibu analolijua, na asilolijua anakutuma kwa wakili au kwa afisa wa watoto. Hajawahi kujiita wakili. Husema, "Mimi nilikuwa mdomo tu, lakini mdomo nao una masikio."

Mimi nilikwenda kwake mwaka jana, mwezi wa pili, na nilikwenda nikiwa nimeshashinda. Ndivyo nilivyofikiri.

Mwanangu Jamleck anafanya kazi Olkaria, kwenye visima vya mvuke. Mkewe Jemutai yuko Kamere, kando ya ziwa, anapanga maua kwenye shamba la maua. Walifunga harusi kanisani, nami nikacheza mpaka kiatu kikakatika. Lakini shifti ya huyu ilikuwa usiku na ya yule mchana, wakawa wanakutana mlangoni tu, na kila wakikutana ni kugombana. Mwisho Jamleck akahamia kwenye nyumba za wafanyakazi. Wakaenda kwa chifu, chifu akawaandikia kwamba wameachana kwa amani na mtoto atakaa na nyanya mpaka watulie. Mashahidi wawili, muhuri mwekundu. Mimi ile barua niliichukua nikaifunga plastiki pale saiba ya kompyuta Nakuru, nikaiweka kabatini karibu na picha ya harusi yao.

Mtoto mwenyewe ni Wachuka, miaka saba. Ana jina langu, kwa sababu kwetu msichana wa kwanza ni wa nyanya mzaa baba. Jamleck humwita mtoto wake "mami," kama anavyoniita mimi. Alikuja kwangu likizo ya Desemba. Januari shule zilipofunguliwa sikumrudisha. Nilimwandikisha shule ya hapa Njoro bila kumwambia mama yake, nikajiambia barua ninayo, jina ni langu, sheria iko wapi tena?

Sheria ilikuwa Naivasha. Jemutai alikwenda kwa afisa wa watoto, na karatasi ya kuitwa ikanifikia kwa mkono wa mzee wa kijiji, mbele ya wanawake ninaouza nao maziwa.

Nikachukua barua yangu ya plastiki nikaenda kwa Jepleting. Nilimkuta ameketi kwenye kiti chake cha mti, mguu juu ya kreti ya soda kwa sababu ya goti.

"Mama Kipkemei," nikasema, "nifundishe maneno ya kusema mbele ya hao watu. Wewe ulikaa nao."

Akaigeuza ile barua, akaipiga kucha. "Imekauka vizuri. Haiwezi kuloa hata ikinyesha."

"Ina muhuri."

"Naona. Mama Jamleck, chifu anaweza kukuandikia barua ya kitambulisho, ya mazishi, ya ng'ombe aliyepotea. Ndoa hawezi kuivunja. Ndoa ya kanisani inavunjwa na korti peke yake. Hawa wawili bado ni mume na mke, hata kama hawasalimiani."

"Na mtoto? Hapo imeandikwa atakaa na nyanya."

"Mpaka watulie. Mmoja ameshatulia, anamtaka mtoto wake."

"Lakini ana jina langu! Yule mtoto ni mimi."

"Kama ni wewe," akasema, "basi una miaka saba na unatafutwa na mama yako. Nenda nyumbani ukaoge, anakuja."

Nilikasirika nikaondoka bila chai. Nilifika mpaka kwenye lango lake nikarudi, kwa sababu miguu yangu inajua pale ndipo penye chai nzuri. Na kwa sababu niliogopa. Kama mtoto angechukuliwa kwa karatasi ya serikali, ningemwona lini tena?

Jepleting alilijua hilo kabla sijalisema. Akaniambia, "Korti haitauliza mtoto ana jina la nani. Itauliza atakaa vizuri wapi. Baba na mama wana jukumu sawa, wakiachana au wasiachane. Nyanya naye anaweza kuomba, na akasikizwa, lakini si nyanya aliyemficha. Waite wote Jumamosi, hapa. Mkikubaliana, tunampelekea afisa makubaliano badala ya vita."

Jumamosi wakaja. Jemutai alikuja amefunga kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda kuchimba viazi. Jamleck alikuja na koti la kazi. Mtoto tulimpeleka nyuma kuangalia ndama. Jepleting akaweka sufuria ya chai kwenye jiko la makaa katikati yetu, akaifunika.

"Hii haifunguliwi mpaka tumalize," akasema. "Na sheria ya hapa ni moja. Mtu akisema, mwenzake hamjibu. Kwanza anarudia alivyosema, kama mkalimani. Si 'anasema.' Ni 'mimi.' Na aliyesema akikataa, unarudia tena."

"Lakini sisi wote tunaongea Kiswahili," akasema Jamleck.

"Ndiyo maana hamsikizani. Jemutai, anza. Mama mkwe wako ndiye mkalimani."

Jemutai hakuniangalia. Aliangalia sufuria. "Januari nilinunua yunifomu ya shule ya Kamere. Niliipiga pasi. Nikapiga simu niongee na mtoto, mama akasema amelala. Kesho yake, amelala. Siku tisa, saa kumi na mbili jioni, amelala. Nikaweka hiyo yunifomu chini ya mto."

"Rudia," akasema Jepleting.

"Anasema alinunua yunifomu..."

"Mimi."

"Mimi nilinunua yunifomu." Ninakwambia, maneno mengine ni mepesi mpaka uyatie kinywani mwako. "Nikaipiga pasi. Nikapiga simu, mama akasema amelala. Siku... siku nyingi."

"Ngapi?"

"Tisa."

"Na alikuwa amelala kweli?" akauliza Jamleck.

"Mkalimani haulizwi maswali!" nikamwambia.

Jepleting akacheka mpaka goti likamuuma. "Hapo umeijua kazi, Wachuka." Aliniita jina langu la msichana, kama tulipokuwa kwenye pareto. "Malizia."

"Nikaweka yunifomu chini ya mto," nikasema, na sauti yangu ilitoka ndogo. Halafu, bila kuulizwa na mtu, nikasema yangu mwenyewe: "Hakuwa amelala. Alikuwa hapo karibu na mimi, anamenya njegere."

Nyuma ya nyumba tulisikia mtoto akimwambia ndama aache kumla sweta.

"Sasa wewe," Jepleting akaniambia. "Jemutai atakuwa wewe."

Nilitaka kusema habari za shule nzuri na hewa nzuri ya Njoro, lakini nilikuwa nimeshafunguka. Nikasema, "Tangu mzee wangu afe nilikuwa napika ugali nusu, na hiyo nusu nayo kuku ndio waliokuwa wanaimaliza. Mtoto alipokuja nilitoa sufuria kubwa tena. Nilijua akirudi Kamere mtakuwa mmemaliza na mimi. Mkiachana, mimi nitakuwa mama mkwe wa nani?"

Jemutai akavuta pumzi. Akajifunga leso kwenye mabega kama ninavyojifunga, akakohoa kikohozi changu kile kile, akaanza: "Mimi tangu mzee wangu afe..." Mwanangu mwenyewe akageuka ukutani kucheka. Mimi nikasema, "Mimi sikohoi hivyo," na Jepleting akasema, "Unakohoa hivyo tangu mwaka wa sabini na mbili." Lakini Jemutai aliendelea mpaka mwisho, na alipofika kwa mama mkwe wa nani, hakuigiza tena. Alilisema kwa sauti yake, akaniangalia.

"Mimi mama yangu alikufa nikiwa kidato cha pili," akaniambia. "Nani alinifundisha kumfunga mtoto mgongoni? Ni wewe. Sasa nikiachana na Jamleck nitakuacha wapi?"

"Hilo nalo nirudie?" nikauliza.

"Hilo kunywa nalo chai," akasema Jepleting.

Lakini Jamleck alikuwa bado. Alipewa zamu, akasema yuko tayari kwa lolote watakaloamua mama hawa. Jepleting akamwambia Jemutai arudie. Jemutai akasema, "Mimi ni baba, na sijui ninachotaka." Jamleck akaruka: "Sikusema hivyo!" "Basi sema tena," akaambiwa. Ikabidi aseme. Akasema anataka siku zake za kupumzika awe na mtoto, ampeleke mwenyewe kuogelea, asiwe baba wa kwenye simu. Ilimchukua muda, na koti alilivua.

Makubaliano yaliandikwa pale mezani. Mtoto akae na mama yake Kamere wakati wa shule. Siku za mapumziko ya Jamleck awe na baba, kwa kuwa Olkaria na Kamere ni jirani. Kila likizo, nusu yake Njoro kwangu. Simu saa moja jioni kila siku, na Jemutai akataka iandikwe kwamba mtoto akilala mapema aamshwe. Iliandikwa. Tuliyapeleka kwa afisa wa watoto, akayasoma, akacheka kwenye hilo la kuamshwa, na baadaye korti ikayaweka kuwa amri yake. Talaka ni kesi nyingine, na wameipeleka kortini kwa njia yake. Haijakwisha. Lakini siku hizi wanasalimiana, na Agosti Jemutai mwenyewe alimleta mtoto, na yeye pia akalala kwangu siku mbili. Ile sufuria kubwa sijairudisha kabatini.

Mwezi huu Kipkemei amekuja kumchukua mama yake akatengenezwe goti Eldoret. Nilikwenda kumuaga. Gari lilikuwa limeshawashwa, na yeye alikuwa bado ameketi kwenye kile kiti cha mti.

"Jumamosi anakuja Muturi na mkewe Immaculate," akaniambia. "Wanagombania mapacha. Utakaa hapa."

"Mimi? Mimi niliishia darasa la saba."

"Kwani kurudia maneno ya mwenzako kunafundishwa darasa la ngapi? Usiwape jibu. Swali la sheria waandikie kwenye karatasi, waende nalo kwa afisa. Wewe kazi yako ni 'mimi' tu. Wakisema 'anasema,' warudishe mwanzo."

Akainuka, mkono mmoja kwenye bega langu, mwingine kwa Kipkemei. Alipokwisha kuingia garini akateremsha kioo.

"Na ile barua yako ya plastiki, uje nayo. Muturi naye amekwisha kwenda kwa chifu kuandikiwa. Mwonyeshe hiyo kwanza, halafu ndipo uweke chai."