Mume Wangu Alivaa Kitenge

Ninyi mliokaa hapo kwenye benchi mkisubiri kupimwa, mimi naitwa Bhoke, na nimekuja na hasira zangu. Miaka haijazipunguza.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa jembe, mwenye mwili wangu. Niliolewa Itiryo, ndoa ya nyumba ntobhu. Msioijua, ni hivi: Nyangi, mama mjane asiye na mtoto wa kiume, alitoa ng'ombe kwetu Kisaka, akanioa ili nimzalie watoto wa mji wake. Mwanaume wa kuzaa naye alikuwa mchimba dhahabu. Akiipata, analeta nyama, akiikosa, haonekani. Nilipomwambia nina mimba, akahamia machimbo mengine. Hata kwaheri hakusema, mshenzi yule.

Mimba ikiwa bado changa, nikaanza kuisha. Nahara. Mdomo umejaa utando mweupe, hata uji unachoma. Kisha mkanda wa jeshi ukanishika mbavuni, malengelenge yakapasuka, nguo ikawa inagandia kwenye kidonda. Nikaenda kliniki.

Nesi hata hakuniangalia. "Mume yuko wapi? Hapa mnapimwa wawili. Rudi naye."

"Nimeolewa na mama, dada. Nyumba ntobhu."

Wakacheka, yeye na wenzake! Mbele za watu! Nikarudi nyumbani na mimba yangu na vidonda vyangu. Majirani wakanishauri nimchukue mwendesha bodaboda ajifanye mume, wengi hufanya hivyo. Nikakubali. Nyangi aliposikia, akawaka.

"Kwani aliyetoa ng'ombe ni bodaboda?"

Asubuhi akavaa kitenge chake cha kanisani, tukaenda. Akasimama mlangoni kwa nesi. "Ulitaka mume, nimekuja. Toa damu yangu, kisha ya mke wangu. Hatutoki hapa."

Safari hii hakucheka mtu. Majibu yakaja: Nyangi alikuwa salama. Mimi nina virusi. Nililia mpaka nikatapika. Nesi akasema, sasa kwa upole, "Ukianza dawa leo, mtoto anaweza asiambukizwe." Leo! Na siku zote zile tangu anifukuze, je? Mwanangu angemdai nani?

Dawa zilinitesa: kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto za ajabu. Kila jioni Nyangi alikaa mbele yangu mpaka nimeze. Nikajifungulia hospitali. Mwanangu Mwita akapewa dawa ya maji, akatobolewa kisigino, akalia kweli. Alipoacha kunyonya, akapimwa mara ya mwisho.

"Hana," nesi akasema. "Baba yake atafurahi."

Nyangi akamfunga Mwita mgongoni. "Ameshafurahi," akamjibu.

Namshukuru Mungu, nazishukuru dawa, namshukuru Nyangi, ambaye sasa amelala kaburini. Nesi yule bado sijamsamehe. Na wewe dada, wakikuambia urudi na mume, usiinuke. Mtoto ni wako, damu ni yako, kaa hapo hapo mpaka wakupime. Wakiuliza nani kakufundisha ukaidi huo, waambie ni mume wa Bhoke.