Kikohozi cha Kivuli

Alipokuwa mwanafunzi, wasichana wenzake walimwita Kivuli. Chuoni kulikuwa na mhadhiri ambaye mikono yake haikujua kutulia, na msichana yeyote aliyeitwa ofisini kwake kuhusu alama za mtihani alimpitia Kivuli kwanza. Kivuli alikaa kwenye benchi nje ya mlango, na sauti za ndani zikishuka tu, alikohoa kikohozi cha uongo cha kuamsha wafu. Wavulana walimcheka. Wao waliitwa kuhusu alama, wakazungumzia alama, wakaenda zao.

Miaka ikapita, akarudi kufundisha chuo kilekile. Siku ya kwanza tu, akiwa anatafuta ofisi yake, alisikia kikohozi kama chake nje ya mlango mmoja. Mlango ulikuwa wa bwana yuleyule, sasa profesa mwenye mvi. Kwenye benchi alikaa binti.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Hapana, mwalimu. Namsindikiza mwenzangu."

"Na kukohoa hivyo nani kakufundisha?"

"Tulifundishwa na dada zetu. Nasi tutawafundisha wadogo zetu."

Siku zote Kivuli alijua aliwakinga wenzake. Kumbe yule bwana naye alikuwa amekaa raha mustarehe nyuma ya kikohozi hicho, maana waliokohoa hawakumshtaki.

Hakubisha hodi. Aliusukuma mlango, akamwita msichana wa ndani atoke.

"Tunaenda wapi, mwalimu?" aliuliza yule binti wa kwenye benchi.

"Kwa mkuu wa chuo. Nimesindikiza watu vya kutosha. Leo nisindikizeni mimi, na asikohoe mtu."